Kabla ya kumtafuta mwekezaji, walipeni mafundi wenu: ushauri kwa wanaopanga ajira za kaunti

Nimefanya kazi ya mipango katika kaunti moja ya Pwani ya Kenya tangu ugatuzi ukiwa mchanga, na swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoingia kwenye idara hizi ni lile lile: mpango wa kukuza uchumi na kuleta ajira unaanzia wapi? Wengi wanapouliza huwa tayari wameshaandika "viwanda" kwenye ukurasa wa kwanza. Mimi huwaambia waanze na watu ambao leo hii wameajiri wenzao wawili, watatu au kumi, na waanze na jambo ambalo liko mikononi mwa kaunti kabisa: kulipa inachodaiwa, kwa wakati.

Chukua zabuni ya madawati ya chekechea. Namfahamu fundi aliyeipata zabuni kama hiyo. Alikuwa na karakana ya mabati kando ya barabara, randa moja ya umeme na vijana sita. Mbao alichukua kwa mkopo kwa muuzaji aliyemwamini. Madawati yakatengenezwa, yakapelekwa, yakakaguliwa, hati ya kupokelewa ikatiwa sahihi. Malipo yakakaa zaidi ya mwaka. Muuza mbao alipochoka kungoja alikata mkopo, na bila mbao hakuna kazi. Vijana wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakaingia kwenye bodaboda. Mwisho randa ikauzwa ili kodi ya kiwanja ilipwe. Watoto wanakalia madawati, na kwenye ripoti ya mwaka mradi umeandikwa kuwa umekamilika. Zile ajira sita hazikuandikwa popote, zilipokuwepo wala zilipokufa.

Hilo si jambo la kaunti moja. Kwa ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, kufikia mwisho wa Juni 2024 kaunti 47 zilikuwa zikidaiwa na wakandarasi na wauzaji zaidi ya shilingi bilioni 170. Sehemu ya lawama ni ya Hazina ya Taifa, maana mgao huchelewa kufika, na hilo kaunti haiwezi kulimaliza peke yake. Lakini kuna sababu mbili zinazotengenezwa nyumbani. Ya kwanza ni makadirio ya mapato ya ndani yanayopandishwa ili bajeti isawazike kwenye karatasi. Miradi inatengewa pesa ambazo kila mtu chumbani anajua hazitakusanywa. Ya pili ni zabuni kutolewa kwa pupa mwezi Mei na Juni, mwaka wa fedha unapokaribia kufungwa, kisha ankara zote zinarundikana siku moja.

Kwa hiyo mambo ya kwanza ninayoyadai kwenye mkakati wowote wa ajira ni haya. Makadirio ya mapato ya ndani yatokane na kilichokusanywa kweli katika miaka mitatu iliyopita. Zabuni ndogo zitangazwe kufikia Septemba. Foleni ya malipo ibandikwe ukutani na kwenye tovuti kwa tarehe ya ankara, na wenye ankara ndogo walipwe mwanzo. Sheria imewatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali, na ni jambo jema sana. Lakini hao ndio wasio na akiba ya kungojea. Ukimpa msichana wa miaka 24 zabuni kisha ukakaa na pesa zake miezi 14, umemwachia deni ambalo asingekuwa nalo kama usingempa chochote.

Baada ya hapo, soma Jedwali la Nne la Katiba polepole, na kalamu mkononi. Kaunti imepewa kilimo, masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika, barabara za kaunti, vyuo vya ufundi vya vijijini, afya, chekechea, utalii wa eneo lake. Haikupewa bandari, barabara kuu, kodi ya mapato wala VAT. Nimeona rasimu za mikakati zikiwaahidi wawekezaji nafuu za kodi ambazo gavana hana uwezo wa kuzitoa, na nyingine zimesimamisha hesabu yote ya ajira juu ya mradi wa serikali kuu. Mombasa inajua uchungu wa jambo hilo. Reli ya SGR ilipoanza na makontena kuagizwa yapelekwe Nairobi kwa treni, madereva, maturuboi, wenye gereji na mama lishe wa Changamwe hadi Mariakani waliumia kwa uamuzi ambao serikali ya kaunti haikuwa na sahihi yake. Agizo lilikuja kuondolewa mwaka 2022. Kaunti ina haki ya kupiga kelele kuhusu mambo kama hayo, na ipige. Ila mpango wa miaka mitano uandikwe juu ya yale inayoyashika.

Wala kaunti yenyewe haiwezi kuwaajiri watu wote. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni zimeweka kikomo cha mishahara kuwa asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi zimekivuka kikomo hicho. Kila uchaguzi unapopita watu hupanga foleni kwenye ofisi za wadi na bahasha za vyeti, na ninawaelewa, kwa sababu kazi ya kaunti ndiyo kazi pekee wanayoiona ikiwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini kwa takwimu za Economic Survey, ripoti ya serikali ya kila mwaka kuhusu uchumi, zaidi ya watu 80 kati ya kila 100 wenye kazi Kenya wako kwenye sekta isiyo rasmi. Mkakati wa ajira usiowataja hao kwa kazi zao, mtaa kwa mtaa, unawahusu watu wachache mno.

Sasa viwanda. Sivipingi hata kidogo, ila nataka viulizwe maswali. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilijengwa miaka ya 1970 na kikafa miaka ya 1990. Mkulima aliyekosa mnunuzi wa uhakika hakuona sababu ya kupanda miche mipya, na mikorosho mingi iliyobaki mashambani ilizidi kuzeeka. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kusafirisha korosho ghafi nje ili zibanguliwe hapa. Zao halikurudi kwa amri, kwa sababu miti yenyewe ilikuwa imechoka. Mtu akikuletea leo mchoro wa kiwanda cha korosho, muulize miche iko wapi, nani ataitunza mpaka izae, na mkulima atakula nini katika miaka hiyo.

Makueni walikwenda kwa njia ambayo naiheshimu. Maembe yalikuwepo tayari, mengi, na yaliozea chini ya miti au yakachukuliwa na mabroka kwa bei ya kutupa. Kaunti ikajenga kiwanda cha rojo ya embe Kalamba, kilichoanza kazi mwaka 2017. Malighafi ilitangulia, mashine ikafuata. Hata hivyo embe lina msimu, na yeyote anayetaka kuiga ajiulize wafanyakazi watafanya nini msimu ukiisha. Ajira ya miezi minne ni ajira, lakini iandikwe kuwa ni ya miezi minne.

Na Kwale kuna somo la aina nyingine. Mgodi wa titani wa Base Titanium ulianza kusafirisha madini mwaka 2014 na ukasimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2024, madini yalipokwisha. Mgodi wowote huanza ukiwa na umri unaojulikana. Wahandisi wanaujua, serikali inaujua, umeandikwa. Kwa hiyo mkakati wa eneo lenye mgodi ulipaswa kuwa na sura mbili tangu mwaka wa kwanza, moja ya kuchimba na moja ya siku ya mwisho: fundi wa kuchomelea wa pale atakwenda wapi, muuza mboga aliyekuwa akiulisha mgodi atamuuzia nani. Sheria ya Madini ya 2016 inasema asilimia 20 ya mrabaha, yaani malipo ambayo mgodi huilipa serikali kwa madini unayochimba, ni ya kaunti na asilimia 10 ni ya jamii ya eneo. Pesa za namna hiyo, zikifika, zisiende kwenye matumizi ya kawaida. Zijenge kitu kitakachobaki na kazi mgodi ukishafungwa.

Ninapoambiwa nitaje fursa moja ambayo kaunti za Pwani zinaipita kila siku, nataja jikoni za hoteli. Simama kwenye mlango wa nyuma wa hoteli ya ufuoni asubuhi uone magari yanayoshusha vitunguu, karoti, mayai na kabeji. Vingi vimepitia soko la Kongowea vikitoka bara. Mkulima wa kilomita 20 kutoka pale ana nyanya zinazoiva zote wiki moja, akikosa mnunuzi anaziona zikioza. Nimewahi kukaa na mnunuzi wa hoteli na viongozi wa kikundi cha wakulima kwenye meza moja, na ndani ya saa moja tulijua shida iko wapi, na haikuwa ubora wa nyanya. Hoteli inataka kreti zile zile kila wiki, mwaka mzima. Inataka risiti ya kodi ya kielektroniki. Na inalipa baada ya siku 30 hadi 60, wakati mkulima anataka pesa jioni ile ile ili alipe vibarua.

Angalia jinsi kila kimoja cha vikwazo hivyo kilivyo ndani ya uwezo wa kaunti. Ushirika ni kazi ya kaunti: chama kinaweza kupanga zamu za kupanda ili mavuno yapishane, na kinaweza kutoa risiti kwa jina lake. Maji ya kumwagilia na afisa wa kilimo ni kazi ya kaunti. Hazina ndogo ya kumlipa mkulima siku anapoleta mzigo, kisha ikarudishwa hoteli ikilipa, haihitaji mabilioni. Chumba cha baridi kikiwa karibu na shamba kinaokoa mzigo wa siku mbili tatu. Katika haya yote hakuna utepe mrefu wa kukata, na ndiyo maana wanasiasa huyapita. Lakini hapo ndipo zinapozaliwa kazi za kupanda, kupanga, kupakia, kuendesha, kuhesabu.

Vyuo vya ufundi vya kaunti vifuate mkondo huo huo. Vingi vinafundisha ushonaji na uashi kwa sababu ndivyo walimu waliopo wanavyojua. Nenda ukawaulize wenye hoteli, wenye boti na wenye maghala wanakosa fundi gani. Utasikia habari za majokofu na viyoyozi, injini za boti, umeme wa sola. Baadaye ndipo uandike mtaala na kuajiri mwalimu.

Kuna mambo mawili ya kisiasa ambayo yatauvunja mpango wako usipoyakabili mapema. La kwanza ni kugawa pesa sawa kwa wadi zote. Kilifi ina wadi 35. Ukigawa bajeti ya kilimo mafungu 35, kila wadi inapata miche kadhaa na mikutano kadhaa, basi. Wawakilishi wadi wana wapiga kura wa kuwajibu, nami siwalaumu. Kilichosaidia kwetu ni kutenga fungu la wadi kwa mambo madogo na fungu lingine, lililolindwa kwa maandishi, kwa mazao mawili au matatu yanayovuka mipaka ya wadi. Mwakilishi akiona nazi za wadi yake zinakwenda kukamuliwa wadi ya jirani na pesa zinarudi kwa watu wake, anaacha kupinga.

La pili ni mswada wa fedha wa kaunti, ule unaoweka ada na ushuru. Mpango unasema tunataka biashara ndogo zikue, kisha mswada unapandisha ada ya kibanda, ada ya leseni na ushuru wa mazao kwenye vizuizi vya barabarani. Nyaraka hizi mbili huandikwa na idara mbili tofauti. Wakae chumba kimoja, siku moja, wapitie kila ada na waulize inamgusa nani.

Na mnapokwenda kwenye baraza la wananchi, msiulize "mnataka nini?" Mtajibiwa barabara, maji, zahanati, na ni haki yao, lakini hamtajua lolote kuhusu kazi. Ulizeni: mwaka jana uliuza nini, ulimuuzia nani, ulikwama wapi, na ungekuwa na mteja mmoja zaidi ungemwongeza nani kazini? Mama mmoja muuza mafuta ya nazi alitueleza kwamba chupa ndizo zinazomkwamisha. Mafuta anayo, wateja anao, lakini chupa safi zenye vifuniko anazifuata Mombasa kwa nauli inayokula faida. Huwezi kuipata habari hiyo kwenye jedwali lolote la takwimu.

Mpango wa sasa wa kaunti ni wa 2023 hadi 2027, na uchaguzi ni Agosti 2027. Mpango wa 2028 hadi 2032 utaandikwa haraka, na timu mpya ambayo bado inatafuta ofisi zake. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka nao huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba mosi. Kwa hiyo msingoje. Tumeni maafisa wa wadi sasa waandike orodha ya kila mwenye karakana, boti, shamba la kuuza, saluni au jiko aliyeajiri mtu hata mmoja: anafanya nini, ana watu wangapi, anadaiwa na nani, kaunti inamdai nini na yeye anaidai nini. Rudini kwa watu hao hao baada ya mwaka, na mhesabu tena.