Miwani ya uhalisia pepe ni ya kuanzia tu

Mwalimu, umeuliza kama miwani ya uhalisia pepe (VR), inayomweka mtu ndani ya mazingira ya kompyuta, inaweza kuchukua nafasi ya saa za vitendo kwa wanafunzi wako wa tiba ya nyuklia, yaani wanaojifunza kupima na kutibu kwa dawa zenye mionzi. Zote, hapana. Ila kwa wiki za mwanzo ningeitumia bila kusita.

Mionzi haionekani wala hainuki, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Ndani ya miwani unaweza kuipa rangi, mwanafunzi akajionea kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mionzi inayomfikia hushuka hadi robo. Akimwaga dawa, arudie kusafisha hata mara kumi, hakuna atakayedhurika. Teknesiamu-99m halisi, mionzi inayotumika sana katika dawa hizo, hupungua nusu kila baada ya saa 6 hivi, haimsubiri anayesitasita.

Tatizo ni mikono. Uzito wa kinga ya madini ya risasi inayozuia mionzi kwenye bomba la sindano, mshipa unaokimbia, mgonjwa anayetetemeka: hayo hayafundishiki vizuri ndani ya miwani. Wape kwanza mabomba yenye maji ya chumvi, ndipo waguse dawa yenyewe. Vipindi vya miwani viwe vifupi, maana wengine hushikwa na kizunguzungu (mimi mmojawapo). Na usivihesabu kama saa za vitendo kabla mamlaka yenu ya mionzi haijakubali.