Ugomvi wa kuvu na bakteria: masuali yenu

*Mkate wangu wa boflo umeota ukungu wa kijani. Babu ananambia hiyo ndiyo penisilini, nipake kwenye donda. Kweli? (Wete)*

Babu hakukosea sana, lakini usipake. Mwaka 1928 Alexander Fleming, London, alikuta kuvu (ndio ukungu, au fangasi) ameingia kwenye sahani yake ya bakteria, na bakteria waliomkaribia wamekufa. Huyo alikuwa aina ya Penicillium, na dawa aliyoitoa ndiyo penisilini. Wako hatumjui, na wapo ukungu wanaotoa sumu. Hata yule wa kweli hutoa dawa kiduchu mno: 1941 askari polisi mmoja wa Oxford alipotibiwa kwa penisilini, madaktari waliichuja tena kutoka kwenye mkojo wake. Alianza kupata nafuu, dawa ikaisha, akafa. Boflo litupe.

*Kila nikimeza antibiotiki nawashwa ukeni. Ni uchafu? (Jang'ombe)*

Hata kidogo, dada yangu, wala usijisugue kwa sabuni. Humo mnaishi bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, ile ile inayogandisha mtindi, nao humbana fangasi kandida asipate nafasi. Antibiotiki huwaua hao bakteria, fangasi haimgusi. Walinzi wakishaondoka, yeye hujitanua. Nenda kituo cha afya ukapimwe, maana si kila muwasho ni fangasi. Pengine utapewa nistatini, na hapa ndipo ninapopapenda: dawa hiyo ya fangasi imetoka kwa bakteria wa udongoni. Elizabeth Hazen na Rachel Brown wa New York waliitangaza 1950.

*Basi udongo wetu wa Pemba hauna dawa? (Mkulima wa karafuu, Konde)*

Ile harufu ya ardhi mvua za masika zikianza ni kazi ya streptomaisesi, ukoo ule ule wa bakteria wa nistatini. Kwa hiyo wenyewe wapo. Kazi ni kuwasemesha. Bakteria akioteshwa peke yake maabara, mara nyingi hunyamaza. Hana wa kugombana naye, silaha za nini? Ndiyo maana watafiti siku hizi huwaotesha kuvu na bakteria sahani moja, jeni zilizolala ziamke, na hutokea kemikali ambazo hazikuonekana kabla. Nyingi hukwama njiani kabla hazijawa dawa. Seli za fangasi zinafanana na zetu kuliko za bakteria, hivyo kinachomuua yeye chaweza kutudhuru na sisi. Amfoterisini B, dawa ya fangasi itokayo nayo kwa streptomaisesi, huokoa watu na huku ikiwaumiza figo. Anayetundikiwa dripu yake hupimwa damu mara kwa mara.