Mjomba wa Projekta: Filamu 43 na usiku ni mmoja

Mwezi huu nimechagua barua tatu, mbili za hapa kwetu Bagamoyo na moja ya Tanga. Kwa mgeni wa safu hii: niliendesha kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video kwa kiingilio, Magomeni kwa miaka sita, deki moja na runinga ya inchi 21, na siku hizi huwawashia vijana projekta kwenye maonyesho yao. Ninayoyajua ni hayo. Ya mapenzi yana ukurasa wake.

*Shikamoo Mjomba. Niko mwaka wa pili chuoni, hapa Bagamoyo. Nimechaguliwa mwenyekiti wa tamasha letu la filamu zilizopigwa kwa simu. Kanuni zetu ni kwamba filamu isizidi dakika tano, yote ipigwe kwa simu, na mwenye filamu awe mwanafunzi. Tulitegemea kumi na tano, zimekuja 43. Ukizijumlisha ni saa tatu na dakika 22. Ukumbi hatuna, tumepewa uwanja wenye ukuta mweupe Dunda. Katibu anataka tuonyeshe zote kwa kuwa kila mtu ametoka jasho. Mweka hazina amezigawa shilingi 900,000 tulizochanga hivi: 400,000 za MC kutoka Dar es Salaam, 350,000 za mabango na fulana, 150,000 za spika na projekta. Halafu filamu yangu nayo imo, na watu wameanza kunong'ona. Nifanyeje?*
*Mwenyekiti Asiyelala, Dunda*

Marahaba mpwa wangu. Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo linalokukosesha usingizi ingawa umeliweka mkiani. Itoe filamu yako. Usiseme itaonyeshwa tu bila kushindana, wala usiiweke ya kufungulia usiku. Itoe, uwaambie kamati kwenye kikao, na katibu aandike kwenye muhtasari. Mwakani ukiwa si mwenyekiti utaileta. Najua inauma. Lakini nimewahi kuona vijana wakitoa zawadi ya kwanza kwa mchumba wa mmoja wa waandaaji. Filamu ilikuwa nzuri kweli, mimi mwenyewe ningeipa, ila pale uwanjani hakuna aliyepiga makofi, na mwaka uliofuata hakuna aliyeleta filamu.

Sasa zimebaki 42. Katibu wako ana roho nzuri, na roho hiyo ndiyo itakayowarudisha watu nyumbani saa sita za usiku wamenuna. Piga hesabu kwa saa ya Bagamoyo. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo hivi, kutegemea mwezi, na ukutani hamtaona kitu mpaka giza likolee. Kuna Magharibi, kuna Isha, na spika zenu zitanyamaza mpaka watu watoke msikitini. Hilo si la kupigiwa kura. Basi mnaanza saa mbili. Saa nne kina mama wenye watoto wanakunja mikeka, na wakishaondoka wao mtabaki wanachuo mnatazamana. Una muda wa saa mbili. Ondoa hotuba ya mgeni rasmi (ataomba dakika tano atumie ishirini), ondoa zawadi, ondoa muda wa kumtafuta mtu aliyekwenda na waya. Ukibahatika una dakika 70, yaani filamu kumi na tano.

Za kuchagua wape watu watatu wasio na filamu humo. Kila mmoja azitazame zote 42 peke yake, mpaka mwisho, na aandike alama kabla hajasema neno na mwenzake. Mkiwakalisha pamoja mwenye sauti kubwa ndiye atakayechagua, wale wawili watakuwa wanaitikia tu. Wewe huna alama ya kutoa, lakini zitazame zote. Utakutana na aliyekataliwa kwenye foleni ya chipsi, atakuuliza uliionaje, na atakusoma usoni kama hukuifungua. Hao 27 waliobaki nje waandikie kila mtu na neno lake: jambo moja ulilolipenda na moja lililokwamisha. Kisha mchana wa siku hiyohiyo onyesheni zao darasani kwenye runinga, bila mashindano, katibu asimamie. Ni muda wa saa mbili na dakika chache. Roho yake itatulia.

Mwakani punguzeni dakika. Paris kuna Mobile Film Festival, iliyoanza mwaka 2005 kwa kanuni ya simu moja, dakika moja, filamu moja. Dakika moja kwetu sisi tunaoulizana habari za nyumbani, za watoto na za kuku haitoshi. Tatu zinatosha.

Kwenye fedha utaniwia radhi nikipandisha sauti. Laki nne kwa mtu wa kusema "makofi jamani", na laki moja na nusu kwa kitu ambacho watu wamekuja kukiona na kukisikia? Kibandani kwangu runinga ilikuwa na chenga miaka yote sita. Kuna siku rangi zote zilikuwa kijani, hata farasi. Hakuna aliyewahi kudai hela yake kwa sababu ya picha. Lakini siku spika ilipokwaruza, dakika mbili nyingi, walikuwa wanagonga mabati. Mtu huvumilia picha mbovu kama anasikia. Asiposikia, hata picha iwe kama kioo, ataanza kuongea na jirani, na akianza mmoja umekwisha.

Basi geuzeni mfuko. MC awe mwenzenu. Mko kwenye mji wenye chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, mtakosaje mtu wa kusimama mbele za watu? Mpeni nauli ya bodaboda na soda. Fulana achaneni nazo. Bango liwe moja, lenye mahali na saa kwa herufi ambazo dereva wa bajaji atazisoma bila kusimama. Zinazobaki zikodishe spika mbili kubwa pamoja na mtu wa kuzisimamia, kipaza sauti cha maana, na projekta yenye mwanga wa kutosha nje, kwa sababu ile ya darasani ukutani itatoa kivuli tu. Jaribuni projekta palepale uwanjani kabla ya kulipa. Na jenereta yenye mafuta, iwekwe mbali nyuma ya jengo, isije ikawa yenyewe ndiyo filamu ya kumi na sita. Ukuta mlionao ushikeni. Nimefunga shuka ufukweni wakati wa kusi, likajaa upepo kama tanga la jahazi, waigizaji wote wakaota matumbo.

Yote hayo hayatakusaidia kama mafaili yenyewe ni mabovu, na hapa nina aibu yangu ya kukusimulia.

Mwaka mmoja nilisimamia onyesho la wanafunzi. Binti mmoja alikuwa amempiga filamu bibi yake msuka mikeka, dakika nne, bibi anasuka ukindu huku anaeleza. Ilikuwa nzuri. Usiku ule bibi akaja na kanga mpya na majirani sita, wakakalishwa mbele kabisa. Filamu ile niliipokea kwa WhatsApp, nikaifungua kwenye simu yangu, nikaona iko safi, nikaweka kwenye laptopu. Ilipopanda ukutani, uso wa bibi ukawa miraba miraba kama ule mkeka wake, na sauti ikawa inachelewa kila dakika zaidi. Mwishoni bibi ukutani kafunga mdomo, maneno bado yanatoka. Bibi mwenyewe akauliza, uwanja mzima ukasikia: "Mbona nimenyamaza na bado nasema?" Watu walicheka mpaka wakalala. Binti alikuwa nyuma ya jenereta analia. Kosa lilikuwa langu, si la simu yake.

Niliyojifunza ni haya. WhatsApp huminya video ili ipite haraka, kwa hiyo mwambie kila mtu alete faili la asili kwa flashi, au akilituma alitume kama dokyumenti, si kama video. Tena simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) inayopandashuka, kwenye simu huoni tatizo, ila baadhi ya programu za kuhariri zinavurugwa na hilo, sauti na midomo vinaachana. Kuna programu ya bure iitwayo HandBrake. Pitisha filamu humo, chagua kasi isiyobadilika, fremu 25 au 30 kwa sekunde, toa MP4. Afadhali mwenye filamu aifanye hiyo kabla ya kuhariri. Flashi nazo zina visa: iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na utaligundua hilo saa mbili kasoro dakika tano mgeni rasmi akiwa amekaa.

Halafu Ijumaa usiku, siku moja kabla, pelekeni laptopu ileile, projekta ileile na spika zilezile ukutani palepale, mzicheze zote kumi na tano mpaka mwisho. Mtu mmoja asimame nyuma kabisa asikilize, mwingine akae mbele atazame midomo tu. Mtachoka. Mkikosa muda, futeni mazoezi ya ngoma ya ufunguzi, wale hawahitaji mazoezi.

Ruhusa usiiachie wiki ya mwisho. Maonyesho ya hadhara ya filamu yana sheria yake, Na. 4 ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ipo. Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri, atawaelekeza, kisha mwenyekiti wa mtaa na polisi kwa ajili ya mkusanyiko na spika. Na waulize wenye filamu muziki wameutoa wapi. Nusu yao watakuwa wamebandika bongo fleva waliyoikuta kwenye simu. Wimbo una mwenyewe. Asiye na ruhusa auondoe, atafute rafiki wa kupiga marimba, chuoni hawakosekani.

Unialike nije? Sihitaji kualikwa, nitakuja na waya zangu.

*Mjomba shikamoo. Napiga filamu ya wauza samaki pale Deep Sea, Tanga. Simu yangu ni ya bei ndogo, picha nzuri, ila nikirudi nyumbani nasikia upepo tu, na nyuso za watu ni nyeusi. Ninunue simu nyingine?*
*Msichana wa Raskazone*

Marahaba. Usinunue. Azima simu ya pili kwa ndugu yako, yoyote yenye kurekodi sauti. Iweke kwenye hali ya ndegeni, iingie mfuko wa juu wa anayesema au ifichwe kwenye mkunjo wa kanga yake, tundu la maikrofoni likiwa juu. Washa zote mbili, piga kofi moja mbele ya kamera, hilo kofi ndilo litakalokusaidia kuzioanisha sauti na picha. Kipande cha sponji juu ya maikrofoni kinavunja upepo, na ukimsimamisha mtu nyuma ya ukuta wa kibanda utashangaa. Nyuso ni nyeusi kwa sababu unampiga picha mtu bahari ikimeremeta nyuma yake. Mgeuze. Ikishindikana, bonyeza uso wake kwenye kioo na ushikilie, simu nyingi zitafunga mwanga hapo. Na waombe ruhusa kabla, si baada. Muuza samaki akiwa na kisu mkononi si mtu wa kushtukiza.

*Ndugu mhariri wa safu, mwanangu ananiambia anatengeneza filamu kwa simu. Hiyo ni filamu au mchezo wa watoto? Naomba ukweli.*
*Baba wa Wanne, Magomeni, Bagamoyo*

Ndugu yangu, mwaka 2011 Park Chan-wook wa Korea Kusini na ndugu yake walipata tuzo ya juu ya filamu fupi tamasha la Berlin kwa filamu waliyoipiga kwa iPhone. Mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker akatoa filamu ndefu, *Tangerine*, iliyopigwa kwa iPhone 5s tatu, ikaenda majumba ya sinema. Ila hao akina Baker simu walizivisha lenzi za ziada, na sauti hawakuiachia simu, waliirekodi kwa vifaa vyake. Mwambie mwanao hilo la sauti, la tuzo atalijua mwenyewe.

Kama ana filamu kwenye lile tamasha la Dunda, njoo saa mbili na mkeka wako. Kaa upande wa spika ya kushoto, ya kulia nitakuwa nimeielekeza kwa kina mama.