Hedhi Imekoma kwa Sababu ya Sindano: Damu Inakwenda Wapi?

SWALI: Daktari, mimi ni mama wa mtoto mmoja, mkaazi wa Kayole. Kwa zaidi ya mwaka nimekuwa nikidungwa sindano ya kupanga uzazi kila baada ya miezi mitatu, na sasa sioni hedhi kabisa. Mama mkwe anasema damu inaganda tumboni na kwamba sitashika mimba tena. Tungependa mtoto wa pili mwishoni mwa mwaka ujao. Nifanyeje?

JIBU: Hakuna damu iliyoganda tumboni, kwa kuwa damu hiyo haikupata kujikusanya. Kwa kawaida, homoni ya estrojeni inayotoka kwenye ovari huunenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba kila mwezi ili uwe tayari kupokea yai lililorutubishwa, na mimba isipotungwa utando huo hubomoka na kutoka kama hedhi. Sindano yako ina homoni iitwayo medroksiprojesteroni, inayofanana na projesteroni ya mwili, nayo huizuia tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo kutoa ishara ya kupevusha yai. Yai lisipopevuka, ovari hutoa estrojeni kidogo, utando hubaki mwembamba, na hakuna kinachobomoka. Ute wa mlango wa kizazi nao huwa mzito, mbegu za kiume zikashindwa kupenya. Takriban nusu ya wanawake wanaoitumia sindano hii mwaka mzima huacha kuona hedhi. Ikiwa uliwahi kuchelewa kudungwa, hata hivyo, pima mimba kwanza.

Kuhusu kushika mimba, mama mkwe ana ukweli kidogo, ingawa ametia chumvi. Dawa hii hukaa kwenye msuli na kutoka kidogo kidogo, hivyo wengi huchukua takriban miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho kabla ya kushika mimba, na wengine hupitisha mwaka. Huko ni kuchelewa, si ugumba. (Vidonge na vipandikizi havina ucheleweshaji wa namna hiyo.) Baadhi ya watumiaji huongezeka uzito, na uimara wa mifupa hupungua kiasi, lakini hurejea baada ya kuacha.

Kwa mpango wenu, ningeshauri usidungwe tena, na umweleze muuguzi wa kliniki yako sababu. Ikiwa hamtaki mimba itangulie, tumieni kondomu mara tu muda wa sindano ya mwisho unapokwisha, wala msingojee hedhi irudi, kwa maana yai la kwanza laweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana.