Kwa nini mnara wa kijiji una majina mengi hivyo?

Umeuliza kwa nini kijiji kidogo cha Uingereza chenye nyumba chache kina mnara uliojaa majina ya waliokufa vitani. Sababu kubwa ni makaburi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza kuua kwa maelfu, Uingereza ilikataza maiti za wanajeshi kurudishwa nyumbani. Mama alibaki bila kaburi la kwenda kuweka maua, basi jiwe lile pale kijijini likawa ndilo kaburi. Pesa nyingi zilichangwa na wenyeji wenyewe, ndiyo maana mitindo inatofautiana: huku msalaba, kule sanamu ya askari.

Ukifika karibu, soma majina ya ukoo. Yakijirudia mara tatu mfululizo, mara nyingi ni ndugu au binamu. Angalia pia chini kabisa: majina ya Vita vya Pili yamebanwabanwa hapo, kwa sababu waliochonga miaka ya 1920 hawakuacha nafasi. Nani angedhani itahitajika?

Sasa linganisha na Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927. Shaba nzuri kweli, na maandishi ya Kiswahili yapo. Lakini wapagazi, yaani wabeba mizigo wa jeshi, waliokufa kwa maradhi na njaa katika Vita vya Kwanza walikuwa maelfu kwa maelfu, na hutaona pale jina la hata mmoja. Wengi wao hata rekodi zao hazikutunzwa vizuri, kwa hiyo kuyachonga majina yao leo ni kazi ngumu.