Kwa nini kodeini haikunituliza maumivu, na dada yangu ikamlaza?

Swali: Daktari, mimi na dada yangu ni wa baba mmoja mama mmoja. Tuling'olewa magego ya mwisho katika wiki moja na wote tukaandikiwa vidonge vya kodeini, kipimo kilekile, kutoka pakiti moja. Mimi nilimeza kama nilivyoelekezwa na maumivu hayakupungua hata kidogo. Yeye, baada ya kidonge cha pili, alilala usingizi mzito mpaka mama akaingiwa na hofu. Je, vidonge vilikuwa bandia? Na kama havikuwa bandia, ninyi mnaotafiti dawa mnajuaje inachofanya mwilini mwa mtu ilhali hamuioni?

Jibu: Pakiti ni moja na dada yako ilimwingia sawasawa, kwa hiyo ubandia si jambo la kwanza ninalolifikiria. Ninalolifikiria kwanza ni maini yenu.

Kodeini unayomeza ina nguvu ndogo mno ya kutuliza maumivu. Dawa za jamii yake hufanya kazi kwa kushika vipokezi vya mu, vilivyo kwenye seli za neva za ubongo na uti wa mgongo. Kodeini huvishika kwa ulegevu. Mofini huvishika kwa nguvu inayokadiriwa kuwa mara 200 zaidi. Ini ndilo linaloigeuza kodeini kuwa mofini, tena sehemu ndogo tu ya dozi, kama asilimia 5 hadi 10 kwa mtu wa kawaida. Dozi iliyobaki hupitia njia nyingine za kemia ya ini na hatimaye hutoka na mkojo bila kutuliza chochote cha maana. Nafuu yote unayoitarajia, basi, inategemea kimeng'enya kimoja kinachofanya ugeuzaji huo. Watafiti hukiita CYP2D6.

Kimeng'enya hiki ni kichache ndani ya ini ukikilinganisha na ndugu zake, lakini kinahusika na takriban robo ya dawa tunazozitumia: tramadoli, metoprololi ya shinikizo la damu, tamoksifeni ya saratani ya matiti, na dawa kadhaa za sonona. Jeni inayokitengeneza iko kwenye kromosomu ya 22, na ni mojawapo ya jeni zinazotofautiana sana kati ya mtu na mtu. Wako waliorithi nakala mbili zisizofanya kazi, hao hawatengenezi kimeng'enya hiki kabisa. Wako wenye nakala dhaifu. Na wako waliorithi nakala iliyojirudia, kwa hiyo wanazo tatu au zaidi zinazofanya kazi, nao huigeuza kodeini kwa kasi kubwa. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, wasio na kimeng'enya hiki ni kama asilimia 5 hadi 10. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliwakuta Waethiopia wengi, karibu asilimia 29, wakiwa na nakala za ziada.

Kuzaliwa pamoja hakuwafanyi mlingane. Kila mzazi hukupa nakala moja kati ya zake mbili. Kama baba na mama wote wanabeba nakala moja nzima na moja mbovu, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kupata mbovu mbili. Unaweza kuwa wewe ndiye uliyezipata, na dada yako akapata nzima. Ikiwa mmoja wa wazazi anabeba nakala iliyojirudia, pengo kati yenu linaweza kuwa pana zaidi.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo kazi yangu ya kila siku. Dawa hatuioni, kweli, lakini tunaipima. Mtu mzima aliyejitolea, aliyeelezwa kila kitu na kuridhia kwa maandishi, huwekewa mrija mdogo kwenye mshipa wa mkono. Tunachukua damu kabla ya dozi, kisha mara kwa mara katika saa za mwanzo, kisha kwa nafasi kubwa zaidi. Damu huzungushwa kwenye mashine ili plazima, yaani majimaji yake, itengane na seli, nayo hugandishwa mpaka siku ya kupimwa. Mashine ya kupimia hutenganisha molekuli, kisha huzitambua kwa uzito wake. Kwa namba hizo tunachora mchoro wa kupanda na kushuka kwa dawa. Kilele chake kinatuambia dawa ilifika juu kiasi gani na saa ngapi. Eneo lililo chini ya mstari linatuambia mwili ulikutana na dawa kiasi gani kwa jumla. Mteremko wake unatupa nusumaisha, muda ambao kiwango kwenye damu hupungua kwa nusu. Kwa kodeini muda huo ni kama saa tatu.

Hapa ndipo kodeini inapofundisha jambo ambalo napenda kila mwanafunzi wangu aliangalie kwa makini. Chukua mtu asiye na CYP2D6 na mwenye nacho, wape dozi moja, kisha upime kodeini peke yake. Michoro yao miwili itakaribiana sana, kwa sababu njia ya mofini hubeba sehemu ndogo tu ya dozi, na kukosekana kwake hakubadilishi hesabu ya kodeini kwa kiasi kikubwa. Ungeishia hapo ungesema hawa wawili ni sawa. Pima mofini kwenye sampuli zilezile za damu, na tofauti inajitokeza: kwa mmoja mstari unapanda, kwa mwingine umelala karibu na sifuri tangu mwanzo hadi mwisho. Mtafiti anayepima kile alichokimezesha tu, bila kupima kile mwili ulichokitengeneza, anaweza kuondoka na jibu sahihi la swali lisilo lenyewe.

Na bado mchoro wa damu si maumivu. Tunahitaji kuona pia dawa imefanya nini. Kwa dawa za jamii ya mofini tuna dirisha zuri, nalo ni jicho: mboni hubana kadiri dawa inavyofanya kazi kwenye ubongo, na kamera inaweza kupima upana wake bila kumuumiza mtu. Tunaweza pia kumwomba aliyejitolea atie mkono kwenye maji ya baridi kali na tupime muda anaovumilia. Kisha tunaweka michoro miwili pamoja, wa damu na wa athari, na kuuliza kama inakwenda sambamba au mmoja unachelewa nyuma ya mwingine.

Habari za kimeng'enya hiki hazikuanza na kodeini. Katika miaka ya 1970, Robert Smith, mtafiti wa London, alimeza debrisokwini, dawa ya kushusha shinikizo la damu, pamoja na wenzake wa maabara. Wenzake hawakupata shida kubwa. Yeye shinikizo lake liliporomoka hata kusimama kukawa taabu. Walipopima mikojo yao, walikuta kwamba Smith alikuwa akiitoa dawa karibu kama ilivyo, bila kuigeuza. Timu yake ilichapisha matokeo mwaka 1977, na karibu wakati huohuo Michel Eichelbaum wa Ujerumani alikuwa ameona jambo lilelile kwa dawa nyingine, spateini. Kipimo cha uwiano kati ya dawa na zao lake kwenye mkojo wa saa nane kilitumika kwa miaka mingi kuwagawa watu, kabla jeni yenyewe haijasomwa.

Nirudi kwenu. Sitaki uamini kwamba jeni ndiyo jibu pekee, maana kuna sababu nyingine zinazofanana nayo kwa nje. Je, ulikuwa unatumia dawa ya sonona kama fluoksetini au paroksetini? Hizo hukizuia CYP2D6, na mtu mwenye jeni nzima kabisa anaweza kuishi kama asiye na kimeng'enya muda wote anapozitumia. Kwa dada yako ningeuliza kuhusu pombe, dawa za usingizi, na dawa za mzio zinazoleta kusinzia, kwa sababu zikikutana na kodeini usingizi huongezeka hata kama ini lake ni la kawaida. Ningeuliza pia hali ya figo zake. Mofini hugeuzwa kuwa mazao ambayo moja lina nguvu kubwa, na hilo hutolewa na figo. Figo zikiwa dhaifu, hurundikana.

Kwa upande wako, usiongeze dozi ukitafuta nafuu. Asiyetengeneza mofini hapati nafuu kwa vidonge zaidi, ila kichefuchefu na kizunguzungu vinaweza kumpata vilevile. Mwambie daktari wa meno kilichotokea na umwombe akiandike kwenye faili lako. Kubadilishiwa tramadoli huenda kusisaidie, maana nayo hutegemea kimeng'enya hichohicho kwa sehemu kubwa ya kazi yake. Ibuprofeni na parasetamoli hazipiti njia hiyo, na kwa maumivu ya baada ya kung'oa jino mara nyingi zinatosha, ilimradi tumbo, figo na ini lako vinaziruhusu.

Kwa dada yako nina neno zito zaidi. Asimeze kodeini tena, wala tramadoli, mpaka azungumze na daktari. Mtu aliyemeza dawa hizi akawa haamshiki kwa urahisi, anapumua polepole au kwa kukatika, au mboni zake zimebana kama ncha ya sindano, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Naloksoni ipo na huiondoa mofini kwenye vipokezi kwa dakika chache. Mama yenu hakukosea kuogopa. Mwaka 2013 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kali baada ya vifo vya watoto waliopewa kodeini kufuatia upasuaji wa tonsili, wakiwemo waliogundulika kuwa wageuzaji wa kasi. Mwaka 2017 ikazuia matumizi yake kwa watoto wote walio chini ya miaka 12, na ikashauri mama anayenyonyesha asiitumie, kwa sababu mofini inayotengenezwa na ini la mama hupita kwenye maziwa.

Kama mna watoto, wewe au yeye, wamerithi nusu ya jeni hizi kutoka kwenu. Mwelezeni daktari wao habari hii kabla hajaandika dawa yoyote ya maumivu ya jamii ya mofini.