Injini ya 22R iliyosetiwa mlimani itaungua ikifika pwani

Mkuu, umeuliza hivi: Hilux yako yenye injini ya 22R umeifunga kabureta ya Weber 32/36 (ndiyo inayochanganya hewa na petroli), kamshafti kali (shafti inayofungua valvu) na ekzosi ya wazi. Fundi anataka uipandishe Lushoto aisetie huko kwenye baridi, yaani apange kiasi cha petroli, kisha akuwekee kikomo cha resi 6,500 (mizunguko ya injini kwa dakika; ikifika hapo moto unakatwa). Yote mawili kataa. Mimi niliyakubali, na pistoni namba tatu ninayo mpaka leo sebuleni, naiwekea sarafu.

Ilikuwa hivi. Tangu Soni, njiani kupanda, gari inanuka petroli na kutoa moshi mweusi. Tulipofika Lushoto fundi akashusha jeti kubwa (kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta) saizi moja, moshi ukakata, gari ikavuta mpaka raha. Siku ya pili nipo Muheza kwenye barabara ya mashamba ya mkonge, nimepakia watu wanne na mapipa ya maji, gia ya tatu, mguu chini. Nikasikia mlio kama mtu anatikisa kokoto ndani ya kopo. Nikadhani ni changarawe inapiga chini ya bodi, nikaendelea. Nguvu zikaisha, nyuma moshi wa bluu. Tulipofungua silinda hedi, pistoni ilikuwa imeliwa ukingoni kama mkate uliopitiwa na panya.

Fundi hakukosea kwa pale alipokuwa. Lushoto iko mita kama 1,400 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga mjini kwa karibu asilimia 13. Kabureta haina habari hiyo, kwa hiyo ukipanda mchanganyiko unazidi petroli kwa kama asilimia 7. Sasa chukua jeti namba 140 na 145. Namba ni kipenyo cha tundu kwa mia za milimita, lakini mafuta yanapita kwa eneo la tundu, na tofauti ya maeneo hayo mawili ni asilimia 7 hiyo hiyo. Yaani kupanda Lushoto ni sawa na mtu kukuongezea jeti saizi moja bila kukuambia. Ukiipunguza ukiwa huko, ukirudi chini unakimbia na petroli pungufu, na mzigo ukiwepo injini inagonga, ndio ule mlio wa kokoto.

Kwa hiyo seti Tanga, mlimani uvumilie. Ikizidi petroli inakunywa, inachafua plagi na kupoteza nguvu kidogo. Ikipungua inakula pistoni. Mimi nikipanda nabeba plagi nne za akiba, basi.

Ile 14.7 inayotajwa kila mahali (kilo za hewa kwa kilo moja ya petroli) usiitafute ukiwa umekanyaga mwisho. Mguu chini nataka 12.5 hadi 13, safari ya kawaida 14 na kitu. Nasoma kwenye geji ya lambda (inayopima mchanganyiko kwa senso ndani ya ekzosi), na kabla ya kuiamini nakagua maungio ya ekzosi: ikinyonya hewa kabla ya senso, geji itakwambia petroli ni kidogo wakati si kweli. Na ile skrubu ambayo kila mtu anapenda kuizungusha na bisibisi ni ya sailensa tu, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa. Mguu ukiwa chini inatawala jeti kubwa.

Huna geji? Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na watu, plagi mpya, gia ya tatu mguu chini, kisha kwa mpigo kanyaga klachi na zima swichi. Usirudishe ufunguo hadi mwisho, usukani utajifunga. Fungua plagi, mulika tochi ndani kabisa kwenye shina la kauri. Petroli ya siku hizi haiachi rangi nyingi. Tafuta pete nyembamba ya kahawia pale chini. Ukiona kauri nyeupe kabisa yenye vitone vidogo vinavyong'aa, acha kuendesha siku hiyo.

Kuhusu resi: nguvu zinazotaka kukata vyuma zinapanda kwa mraba wa mzunguko. Kutoka 5,500 hadi 6,500 umeongeza karibu asilimia 40 kwenye konrodi (mkono unaoshika pistoni) na boliti zake, na springi za valvu za zamani zinashindwa kuifuata kamshafti. Tena 22R inachoka kuvuta mapema sana kabla ya hapo, utapata kelele tu. Yangu nimeiwekea 5,600, nikahakikisha kwa taa ya taimingi, maana geji ya dashibodi ilikuwa inadanganya kwa zaidi ya 300. Kazi ya kikomo ni pale tairi zinapopoteza mshiko kwenye tope la kule Amani na injini inaruka ghafla. Usikigeuze muziki: kinakata moto wa plagi, petroli inaendelea kuingia, inaosha oili kwenye silinda na kulipuka ndani ya ekzosi.

Na ukishuka Soni kwenda Mombo ukapachika gia ya kwanza kwa kukosea, kikomo hakikusaidii chochote. Hapo ni tairi zinazoizungusha injini.